VUMBI LA SONARA NI LA NANI?

(Maandishi ya mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya swala ya Taraweh)



Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.) aliyetujaalia kuufikia tena mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, kina baba na kina mama. Mada niliyopewa ni amana. Amana imezungumzwa sana kwenye mimbari zetu, na kila mmoja wetu ajua kuwa pesa ya mtu ni amana na siri ya mtu ni amana. Leo nataka tuitazame katika kitu kidogo mno, ambacho ukikipuliza chapotea: lile vumbi linalobaki kwa sonara baada ya kung'arisha dhahabu.

Mtasema, jamani, vumbi nalo lina mhadhara? Ngojeni. Idi yaja. Katika kumi hili la mwisho kina mama wengi watatoa bangili, mikufu, herini na pete wazipeleke kwa sonara zing'arishwe. Na kuna vijana wetu wanaojifunza ufundi huo, au wanaofagia tu katika karakana hizo. Kwa hivyo jambo hili limo ndani ya nyumba zetu.

KING'ARACHO KIMEPUNGUA

Kwanza tufahamu kazi yenyewe. Pete ikiwa imechakaa, imejaa mikwaruzo. Sonara huipitisha msasa, kisha huipeleka kwenye mota yenye brashi au gurudumu la kitambaa lililopakwa dawa. Ile dawa nyekundu mnayoiona ni unga laini wa kutu ya chuma uliochanganywa na mafuta. Gurudumu lazunguka kwa kasi, pete yashikwa pale, na baada ya dakika chache yang'ara kama mpya.

Mikwaruzo imekwenda wapi? Haikujazwa. Kilichofanyika ni kuwa dhahabu iliyo pembeni ya mkwaruzo imelwa mpaka ikawa sawa na shimo. Manake kila king'arishwacho kimepungua. Imepungua kidogo, lakini imepungua. Na hiyo iliyopungua haikwenda mbinguni. Imo ndani ya vumbi jeusi lililonata kwenye gurudumu, kwenye kifuko cha mota, kwenye msasa uliotupwa, kwenye nguo ya fundi, kwenye mikono yake na kwenye sakafu.

Dhahabu ina sifa zake. Haiozi, haishiki kutu, haiungui. Ni nzito mara 19 kuliko maji. Huyeyuka ikifika nyuzi 1,064 za Selsiasi, na ikipoa ni dhahabu ile ile. Kwa hivyo hata ikichanganyika na pamba, mafuta, mchanga na nywele, haijapotea. Imejificha tu, yangoja mtu wa kuitoa.

HEBU TUPIGE HESABU

Chukua mfano. Karakana moja yang'arisha vipande 20 kwa wiki. Kila kipande chapoteza sehemu moja ya kumi ya gramu, kiasi ambacho mwenye pete hawezi kukihisi kidoleni. Kwa wiki ni gramu 2. Kwa wiki 50 ni gramu 100. Ikiwa dhahabu ni ya karati 21, yaani sehemu 875 katika 1,000 ni dhahabu safi, basi katika gramu 100 hizo mna gramu 87 na nusu za dhahabu safi.

Na nisabu ya zaka ya dhahabu ni ngapi? Ni mithqali 20, ambazo wengi katika wanavyuoni wa zama hizi wazihesabu kuwa kama gramu 85. Mwaona? Vumbi la mwaka mmoja, katika mfano huu, lapita nisabu.

Tena bei siyo ile ya zamani. Mwaka 2001 aunsi moja ya dhahabu, ambayo ni gramu 31.1, ilikuwa chini ya dola 300. Gramu moja haikufika dola 10. Mwezi wa Oktoba 2025 aunsi ilivuka dola 4,000, na gramu moja ikapita dola 128. Kwa bei hiyo, vumbi la karakana yetu ya mfano ni zaidi ya dola 11,000. Mambo ambayo zamani watu waliyasamehe kwa kuyaona madogo, leo ni karo ya mtoto chuo kikuu.

WALIOTUTANGULIA WALILIJUA HILI

Msidhani huu ni ugunduzi wa leo. Neno sonara lenyewe limetujia kutoka Bara Hindi, ambako dhahabu huitwa sona. Huko huko Hindi kuna watu ambao kazi yao, baba kwa mwana, ni kununua na kuosha vumbi la masonara. Huitwa niyariya. Ukenda Zaveri Bazaar, soko la dhahabu la Mumbai, utawakuta watu wakifagia njia na kuchota matope ya mitaro iliyo mbele ya karakana, wakayaoshe watoe chembe.

Abul Fazl, mwandishi wa Sultan Akbar, katika kitabu chake Ain-i-Akbari cha mwisho wa karne ya 16, amemtaja mwosha vumbi wa nyumba ya kupigia sarafu. Alikuwa akilifagia vumbi, akalipeleka kwake, akaliosha na kupata riziki yake. Na kwa ruhusa hiyo aliilipa serikali rupia 12 na nusu kila mwezi. Tazameni jambo hilo vizuri. Dola kubwa kama ile haikusema vumbi ni bure. Ilisema: hili lina mwenyewe, ukilichukua utalipia.

Uingereza nako, katika mtaa wa masonara wa Birmingham, fundi hunawa mikono kabla ya kutoka, na maji yale hayamwagwi. Yatiwa kwenye pipa, yatuwe, na matope ya chini yachukuliwe. Chini ya meza ya fundi huning'inizwa ngozi ya kudakia chembe za tupa.

SASA VUMBI NI LA NANI?

Hapa ndipo penye mada yetu. Kuna watu watatu wanaolidai vumbi hili.

Wa kwanza ni mama aliyeleta bangili. Dhahabu ilikuwa mkononi mwake, na hakumpa mtu zawadi.

Wa pili ni mwenye karakana. Yeye asema: mimi nimelipa kodi, umeme na mishahara, na kupungua ni jambo la kazi hii.

Wa tatu ni kijana anayefagia. Huyu asema: hizi zilikuwa takataka, mimi ndiye niliyeinama nikazikusanya. Humfunga mtu vumbi kwenye karatasi, akampelekea mnunuzi wa kichochoroni, akapewa pesa kidogo. Yule mnunuzi ajua kilichomo ndani, kijana hajui.

Wanavyuoni wetu wa fiqhi waliliona suala hili kabla yetu kwa mamia ya miaka, na walilipa jina: turab as-sagha, yaani vumbi la masonara. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku Pwani, vumbi hili haliuzwi mpaka kilichomo kitolewe na kijulikane, kwa sababu kuuza kisichojulikana kiasi chake ni gharar. Na ukilibadilisha kwa dhahabu, umeingia hatari ya riba, maana dhahabu kwa dhahabu yataka uzani ulio sawa na mkono kwa mkono. Wako maimamu wengine walioruhusu baadhi ya sura zake kwa masharti. Na wanavyuoni wa Kihanafi waliandika kuwa sonara akiuza vumbi lake, thamani ile si halali kwake kuila, kwani ndani yake mna mali za watu, ila awe amewatimizia wenyewe kile kilichowapungukia.

Wallahi neno hilo la mwisho lataka kufikiriwa. Hawakumwambia sonara aache kazi. Walimwambia: timiza kwanza haki ya mteja, kisha vumbi ni lako.

Na asili ya kutenganisha twaipata kwa Mtume (S.A.W.). Swahaba Fadhala bin Ubayd (R.A.) alinunua siku ya Khaybar kidani cha dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipokitenganisha akakuta dhahabu iliyomo ni zaidi ya dinari 12. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.), akafundisha kuwa kitu kama hicho kisiuzwe mpaka kitenganishwe. Sasa mwenye kuuza vumbi gizani ana tofauti gani na mwenye kuuza kidani kabla ya kukifungua?

NAMNA YA KULITOA

Kijana, huenda wasema, haya, tutenganishe, lakini vipi? Nitakueleza kazi inavyokwenda, ufahamu usidanganywe. Nitakueleza pia mahali pa kusimama.

Kwanza ni kutochanganya. Chembe za tupa ni tajiri na safi, ziweke chombo chake. Vumbi la mota ni maskini zaidi, limejaa pamba na mafuta, liweke mbali. Fagio la sakafu mbali, msasa na brashi kuukuu mbali, matope ya maji ya kunawia mbali. Fedha na dhahabu zisitiwe mfuko mmoja. Andika tarehe na uzito juu ya kila chombo.

Pili, pitisha sumaku. Vipande vya chuma vya tupa vitashika, dhahabu haishiki.

Tatu ni kuchoma. Vumbi la mota huchomwa polepole kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko, bila feni wala upepo, mpaka pamba na mafuta viishe na libaki jivu. Ukivuvia moto, chembe nyepesi zapanda na moshi, na hapo umetupa ulichokuwa ukikitafuta.

Nne, jivu husagwa na kuchungwa. Vinavyobaki juu ya chungio mara nyingi ni vipande vya madini vyenyewe.

Tano, jivu huyeyushwa katika tanuri pamoja na boraksi na magadi. Hizo huvuta uchafu ukaelea juu kama kioo, na madini mazito yakazama chini. Kikipoa, chapata donge.

Sita ni kupima. Donge lile lina dhahabu, fedha na shaba, na rangi yake haikwambii kitu. Njia ya kuaminika tangu zama za kale ni jaribio la moto: sampuli huyeyushwa pamoja na risasi ndani ya kikombe cha majivu ya mifupa. Risasi na shaba hunywewa na kikombe, na kinachobaki ni kipunje cha dhahabu na fedha. Kisha fedha hutolewa kwa tindikali, na dhahabu ikapimwa peke yake. Siku hizi kuna mashine za miale, nazo zafaa, lakini husoma ngozi ya juu tu. Mtu akikuwekea mashine juu ya vumbi lenye mafuta akakutajia karati, usikubali.

HAPA SIMAMA

Ndugu yangu, tangu hatua ya kuchoma usiifanye kazi hii nyumbani. Si juu ya paa, si uani, si jikoni kwa mama.

Kuna wanaotumia zebaki kwa sababu hushika chembe za dhahabu kwa wepesi. Wachimbaji wa Migori waijua. Lakini zebaki ikichomwa mvuke wake huingia mapafuni, ukashika ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni ndiye anayedhurika zaidi. Mataifa yalikubaliana mwaka 2013 mkataba wa kuipunguza, unaoitwa mkataba wa Minamata, kwa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliumizwa na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Mkataba huo ukaanza kufanya kazi mwaka 2017.

Tindikali ya naitriki nayo hutoa moshi wa rangi ya kahawia. Mtu huuvuta, akakohoa kidogo, akaona amepona, akalala. Madhara ya mapafu yaweza kujitokeza baada ya masaa mengi, usiku wa manane. Na risasi huwatia watoto sumu kidogo kidogo bila dalili. Allah (S.W.) ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu. Gramu mbili za dhahabu hazilingani na pafu moja.

Kwa hivyo wewe kusanya, tenga, pima, andika. Kuchoma na kuyeyusha kwende kwa kiwanda cha kusafishia chenye leseni, chenye bomba la moshi na watu waliofunzwa. Karakana ndogo zaweza kukusanya pamoja mpaka uzito utoshe. Usiwauzie vumbi. Walipe ujira wa kazi, wakurudishie madini yako au thamani yake baada ya kupimwa. Na uwepo wewe mwenyewe, au mtu wako, likipimwa kabla ya kuchomwa, na jivu likipimwa baada yake. Sampuli igawiwe sehemu tatu: moja yako, moja yao, na ya tatu itiwe muhuri. Mkikhitalifiana, hiyo ya tatu iende kwa mpimaji mwengine. Hapo ujira wajulikana na mali yajulikana. Mwaona jinsi fiqhi na biashara njema zilivyokutana njia moja?

KILA MTU NA LAKE

Wewe mwenye karakana. Weka mizani mbele ya mteja. Pima kikiingia, pima kikitoka, andika zote mbili kwenye risiti. Mwambie mapema: kazi hii hupunguza kiasi hiki, na bei yangu imezingatia hilo, kipunguo kibaki kwangu au nikufidie. Akiridhia kwa kujua, umetoka. Na kama kuna vumbi la miaka mingi ambalo wenyewe hawajulikani tena, usilale nalo. Nenda kwa shekhe unayemwamini, mweleze hali ilivyo, atakuongoza namna ya kuwatolea wenyewe sadaka. Kilicho chako wewe, kikitimia nisabu na kupitiwa na mwaka, kitolee zaka.

Wewe mwanagenzi. Vumbi ulilokabidhiwa kufagia si takataka. Ukiona kazi yako yastahiki malipo zaidi, sema na mwenye karakana waziwazi. Wako wanaokubali kumpa mfagiaji fungu lake katika kinachopatikana, na hilo ni halali tupu. Lakini kile kikaratasi cha mfukoni ni wizi, hata kama ndani yake hakuonekani kitu. Tena ujifunze kupima na kuandika. Fundi anayeweza kusema "mwaka huu karakana yetu imerudisha gramu kadha" ni fundi anayetafutwa.

Wewe mama. Pima dhahabu yako kabla ya kuitoa, mbele yake, na uliza itarudi na uzito gani. Hilo si kumdhania ubaya mtu. Ni kumkinga yeye na wewe na fitna. Tena si lazima kila Idi iende kwenye mota. Mara nyingi kinachoifisha dhahabu ni jasho, mafuta na sabuni iliyoganda. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini kidogo na mswaki laini vyatosha, ilimradi haina lulu wala mawe ya kubandikwa. Bangili ya nyanya yako ikipelekwa motani kila mwaka, maua yake yatafutika, na mjukuu wako atarithi bangili nyembamba. Na kama ni ya kupakwa dhahabu juu, mota itakuonyesha shaba yake.

Mtauliza: je, haya si kuwatia watu uzito kwa chembe? Jibu ni kuwa Surat Al-Mutaffifin yote imefunguliwa kwa onyo kwa wenye kupunja katika vipimo, na Nabii Shuayb (A.S.) aliwalingania watu wa Madyan tauhidi, kisha vipimo. Wanaopunja hawaanzi na gunia. Huanza na chembe ambayo hakuna anayeiona. Na Mtume wetu (S.A.W.), usiku wa kuhama Makka, alimwacha Ali (R.A.) awarudishie watu amana zao, na miongoni mwao walikuwamo waliotaka kumwua. Ikiwa adui alirudishiwa chake, mama aliyekuamini kwa bangili yake umnyime?

Saumu yatufundisha kuacha maji ya kunywa chumbani peke yetu, hakuna anayetuona. Basi na tuliache vumbi la watu namna hiyo hiyo, ndani ya Ramadhani na baada yake. Mwenye mizani aitoe kabatini kesho asubuhi aiweke juu ya meza.

Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu, azitakase mali zetu na awabarikie mafundi wetu katika kazi za mikono yao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.